Bakteria wa tumboni na kisukari: maswali na majibu

Bakteria wa tumboni wanahusiana vipi na sukari ya kwenye damu?

Wengi wao huishi kwenye utumbo mpana, tena kwa matrilioni. Hula nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ya mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa ambayo mwili wetu hauwezi kuimeng'enya. Wakizichachusha hutoa asidi kadhaa, mojawapo ikiwa butirati. Asidi hizo hulisha seli za ukuta wa utumbo na pia huchochea homoni iitwayo GLP-1, ambayo husaidia kongosho kutoa insulini sukari inapopanda. Semaglutidi na dawa nyingine za kisukari za kundi lake huiga homoni hiyohiyo.

Kwa hiyo bakteria ndio wanaoleta kisukari?

Tusikimbilie huko. Utafiti uliofanyika China na kuchapishwa mwaka 2012, uliohusisha watu 345, ulikuta wenye kisukari cha aina ya 2, yaani kile ambacho insulini haifanyi kazi vizuri au haitoshi, wana upungufu wa bakteria wanaotengeneza butirati. Lakini mlo, unene na dawa navyo hubadilisha bakteria, kwa hiyo upungufu huo peke yake hautuambii kipi kilitangulia. Kisukari cha aina ya 1 ni habari nyingine: kinga ya mwili huziharibu seli zinazotengeneza insulini, na mgonjwa hana budi kutumia insulini, bakteria wake wawe vyovyote.

Natumia metfomini, dawa ya kisukari. Inahusika?

Sana, na kwangu hapa ndipo penye utamu wa habari yote. Kwa miaka mingi tumeambiwa metfomini hupunguza sukari inayotolewa na ini. Ni kweli, ila dawa hii hujikusanya kwenye utumbo kwa wingi kuliko kwenye damu. Mwaka 2015 watafiti walibaini kwamba baadhi ya mabadiliko ya bakteria yaliyodhaniwa ni ya kisukari yalikuwa kazi ya metfomini yenyewe! Miaka miwili baadaye, wengine walichukua kinyesi cha wagonjwa kabla na baada ya kuanza dawa, wakakipandikiza kwa panya waliokuzwa bila bakteria. Panya waliopata kile cha baada ya dawa waliimudu sukari vizuri zaidi. Panya si binadamu, lakini inaelekea sehemu ya kazi ya dawa hii hufanyika tumboni.

Metfomini ikikusumbua tumbo, imeze pamoja na chakula, na umuulize daktari kuhusu dozi ndogo ya kuanzia au vidonge vinavyoyeyuka polepole. Usiiache kimyakimya. Kama umeitumia miaka mingi, omba upimwe vitamini B12, maana inaweza kupungua.

Ninunue vidonge vya bakteria hai?

Mimi nisingeharakisha. Majaribio yameonyesha nafuu ndogo na isiyolingana, na kila bidhaa ina bakteria wake. Hakuna kidonge cha namna hiyo kinachochukua nafasi ya dawa yako.

Na kupandikizwa kinyesi cha mtu mwenye afya?

Imejaribiwa Uholanzi kwa wanaume wanene ambao insulini yao ilikuwa haifanyi kazi vizuri. Baada ya wiki 6 kulikuwa na nafuu; kufikia wiki ya 18 ilikuwa imetoweka. Kwa kisukari, bado ni jambo la maabara.

Basi nifanye nini?

Walishe bakteria ulio nao. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye vyakula vyenyewe. Ongeza kidogokidogo, la sivyo gesi itakutesa, na unywe maji ya kutosha. Ukiwa na gastroparesisi, yaani tumbo linalochelewa kusukuma chakula, muulize daktari kwanza. Na kama unatumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, pima mara nyingi zaidi siku unazobadilisha mlo, kwani dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno.