Mtandaoni si ng'ambo

Kwetu Ngamiani, mjini Tanga, mtandao husemwa kama nchi ya mbali, na yanayofanyika huko yaishie huko. Dhana nyingi potofu zimezaliwa hapo.

"Intaneti inatoka hewani." Satelaiti zipo, lakini sehemu kubwa ya data ya nchi hii hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wa EASSy ukafuata 2010. Mei 12, 2024 zote mbili zilikatika na mtandao ukayumba nchi nzima. Wengi tulilaumu bando.

"Simu imemwondoa mtu wa kati." Basi nenda kwa wakala yeyote wa pesa za simu jirani na soko la Mgandini. Utamkuta dada na simu ndogo za batani, kila mtandao na yake, mpira umezibana pamoja, daftari limelala wazi kwa saini. Wakija wafanyabiashara kuweka mauzo yao, floti, yaani salio lake la kwenye simu, inakata. Wakija wa kutoa, keshi inakata. Siku nzima anasawazisha hivyo viwili, huku akimwomba mwenzake wa kibanda cha pili amvushe. Kabla M-Pesa haijaingia nchini mwaka 2008, kazi hii haikuwepo. Aliyepoteza ni konda wa basi la Dar, maana zamani bahasha ya pesa ya mama ilipita mikononi mwake na chochote kilibaki. Vibanda vya intaneti navyo vimekufa, vikiuawa na simu hizi hizi. Kwa hiyo anayesema mtandao unaua kazi, na anayesema unazileta, wote wana lao; ila mtu wa kati bado yupo, kabadilika sura tu.

"Jina bandia linanificha." Linakuficha kwa jirani, tena kwa muda. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na haijali kama umejiita Simba wa Makorora.

"Nikifuta, imefutika." Kwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuruhusu kudai taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe na taasisi inayozishikilia. Shangazi aliyepiga skrinishoti na kuirusha kundi la ukoo, Muheza mpaka Muscat, huyo utamalizana naye mwenyewe.