Maji ya kuoga Nyanda za Juu Kusini: gesi au umeme?

Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 inayomtosha mkazi wa Dar es Salaam humkatisha tamaa mkazi wa Uyole, na wengi huja kwangu wakidhani wameuziwa bidhaa mbovu. Tatizo ni maji yenyewe. Yakiingia na nyuzi joto 27, yanahitaji kuongezewa nyuzi 13 tu ili yafike 40 za kuogea, na shawa hiyo hutoa lita 6 hivi kwa dakika. Yakiingia na nyuzi 14 wakati wa baridi yetu, shawa ileile hubaki na lita 3. Kwa sababu hiyo, katika kazi yangu ya kufunga mifumo ya maji ya moto hapa Mbeya, kipimajoto hutangulia mazungumzo ya bei.

Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 14 hadi 40 kunahitaji takribani uniti 0.6 za umeme, ambazo kwa mteja wa kawaida anayelipa shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi ni kama shilingi 215. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 12.8, lakini jiko na sufuria hupoteza takribani nusu yake. Kwa hiyo kilo ikiuzwa shilingi 4,000, ndoo hiyohiyo itagharimu shilingi 380 hivi. Hita ya gesi ya ukutani, inayotumia asilimia 80 hivi ya joto lake, huishusha gharama hadi karibu 240. Kwa hiyo imani iliyozoeleka kwamba gesi ni nafuu siku zote haina msingi, hasa kwa anayechemsha sufuria bila mfuniko.

Mwenye kulipa bei ya chini ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi. Watu watano wakioga ndoo moja kila mmoja kwa siku, maji peke yake yatakula uniti 90 kwa mwezi, na unafuu wote utapotea. Nyumba kama hiyo mimi huishauri ibaki na gesi kwa maji ya kuoga.

Hita ya tenki, kwa upande wake, hupoteza joto hata msipooga. Tenki la lita 50 lenye kilowati 1.5 huchukua karibu saa mbili kufika nyuzi 60, hivyo liwasheni kwa wakati wake badala ya kuliacha usiku kucha.

Gesi nayo ina masharti yake huku juu. Katika mwinuko wa mita 1,700 hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, na kichomeo kisichorekebishwa huweza kutoa mwali wa njano, masizi na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu waliofunga madirisha kukwepa baridi. Asubuhi za Makete na Njombe, butani iliyo ndani ya mtungi hugeuka mvuke kwa shida, na mwali hufifia ingawa mtungi bado ni mzito. Ndiyo maana hita ya gesi siifungi bafuni kamwe: naiweka ukuta wa nje, chini ya kibanda kinachopitisha hewa, na bomba la maji ya moto nalivisha sponji hadi linapoingia ndani.