Kwani Hamtaki Wageni?

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Tulikuwa kwenye kikao cha maandalizi hapa Jinja, Uganda, ukumbi una joto, soda zimeshafunguliwa, na afisa mmoja akaishika karatasi yangu ya mapendekezo kama mtu aliyeshika bili ya umeme. "Madamu," akaniambia, "kwani nyinyi wasanii hamtaki wageni waje Jinja?"

Pale nilijibu kwa adabu. Hapa ni kwangu.

Imani yenyewe ni kwamba kazi yoyote ya sanaa inayouliza utalii unaufanyia mji nini ni bango la "rudini kwenu", hata likipambwa vipi. Maafisa wanaiamini kwa hofu. Vijana ninaowasimamia wanaiamini kwa furaha, na hao ndio wananichosha zaidi. Kila mwaka yupo atakayeniletea picha ya mzungu mnene, kaptula, kamera tumboni, akidhani amemaliza. Hajaanza. Mchongaji Mmarekani Duane Hanson aliwatengeneza watalii wawili wa aina hiyo mwaka 1970, ukubwa wa binadamu kamili, mpaka shati la maua. Lakini ukiwatazama vizuri kicheko kinakukauka, kwa sababu wanaonekana wamechoka, wameinua macho kutazama kitu walichoambiwa lazima wakitazame. Kazi iko hapo, kwenye yale macho. Shati ni chambo tu.

Halafu mtalii gani huyo wa kaptula? Jumamosi simama ukingoni mwa mto wetu, Nile, uhesabu. Wengi wametoka Kampala, kilomita 80 hivi, wamejaa kwenye coaster na spika lao. Hao hakuna anayewachora.

Takwimu nizipitie haraka. Mwaka 1951 kitovu cha kale cha Venice, Italia, kilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 wakashuka chini ya 50,000. Mwaka 2024 mji ukaanza kumtoza mgeni wa kutwa euro 5 katika baadhi ya siku. Jinja si Venice, najua, naambiwa kila siku. Mimi sikuwahi kusema wageni wetu wamezidi. Ninachouliza ni mji unapangwa kwa macho ya nani, na swali hilo halingoji wageni wafike milioni. Kwetu lilianza na mgeni mmoja.

Mwaka 1862 John Hanning Speke alifika hapa, akayakuta maporomoko, akayapa jina la bwana mkubwa wa Uingereza aliyekuwa ameongoza chama cha wanajiografia cha London: Ripon. Mto ulikuwa na jina lake, Kiyira, na unalo mpaka leo. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls likafunguliwa na Ripon akazama. Kwa hiyo anayelipia boti leo kwenda kuona "chanzo cha Nile" anapelekwa kuona kitu ambacho hakionekani, chenye sifa aliyokipa msafiri. Maporomoko ya Bujagali nayo yalizamishwa na bwawa lililozinduliwa mwaka 2012. Biashara ya kuteleza na mawimbi kwa maboti ya mpira ikahama chini zaidi ya mto, kisha bwawa la Isimba likaanza kazi mwaka 2019 na kumeza sehemu ya huko pia. Nieleweke: mabwawa yalijengwa kwa ajili ya umeme, utalii hauna hatia hapo, na waongoza maboti walipoteza mkate wao. Lakini angalia mji ulivyobaki ukiuza picha ya mahali ambapo hapapo tena. Na Walukuba nilikokulia, nyumba za wafanyakazi wa viwandani, Kiswahili kikisemwa kwa sababu watu walitoka kila upande, haipo kwenye ramani yoyote ya wageni niliyowahi kupewa hotelini. Sitaki watalii waje Walukuba kutupiga picha, Mungu apishe mbali. Nataka tu ieleweke kwamba ramani ni uamuzi wa mtu.

Sasa sanaa inaingiaje? Hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopakimbia.

Mwaka 2019, wakati wa Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa, Banksy, msanii wa mitaani Mwingereza anayeficha sura yake, aliweka kibanda uwanjani San Marco, katikati ya wauza picha wa kawaida. Turubai zake zilipounganishwa zilitoa meli moja kubwa ya kitalii iliyoziba mji. Watu wanaikumbuka meli. Mimi naona meli ni sehemu nyepesi, hata katuni ya gazeti ingeweza. Uzito uko kwenye kibanda. Polisi walikuja kumwondoa kwa kuwa hakuwa na kibali, na picha za video zinaonyesha kibanda kikisukumwa huku meli halisi ikipita nyuma. Meli inapita, mchoraji anaulizwa kibali. Hapo hakuna neno lolote dhidi ya mgeni. Kilichoulizwa ni mji umemfungulia nani mlango na umemfungia nani. Wachuuzi wetu wa rolex, chapati ya kukunja na mayai, wanaofukuzwa kila ujio wa wakubwa ukikaribia wangeielewa kazi ile bila kuelezwa.

Mwaka huohuo, kwenye maonyesho hayohayo, banda la Lithuania lilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu, kwa opera iliyochezwa juu ya mchanga. Waimbaji wamelala kwa nguo za kuogelea, wanaimba mambo madogomadogo ya likizo, krimu ya jua, safari za ndege, na watazamaji wako juu, kwenye roshani, wanawaangalia kama jua linavyowaangalia. Hakuna anayetukanwa. Ila ukishasimama pale juu dakika chache unaanza kujiuliza wewe umefikaje Venice. Nikisema kazi nzuri inamhamisha mtazamaji mahali aliposimama, ndicho ninachomaanisha, na ndicho kinachokosekana kwenye mzungu wa kaptula: yule anamwacha mtazamaji pale pale, salama, anacheka mwenzake.

Na kejeli ni kwamba watu walipanga foleni ndefu kuingia. Kazi inayouliza safari zetu ikawa sababu ya safari. Miaka miwili kabla, mikono miwili mikubwa myeupe ya mchongaji Lorenzo Quinn ilichomoza kutoka majini hukohuko Venice ikashika ukuta wa hoteli, onyo kuhusu bahari inayopanda. Onyo liligeuka pazia la selfi. Simlaumu msanii, na labda mmoja kati ya mia aliondoka na onyo. Lakini kazi inayopendeza mno kwenye simu huwa imeshakubali masharti ya kile inachotaka kukiuliza, na ndiyo maana nikiombwa "mchoro wa ukutani ambao wageni watapigia picha" meno yananiuma. Ukuta wa namna hiyo ni tangazo. Tulipe bei ya tangazo basi.

Mimi mwenyewe si msafi. Mwaka 2022 Uganda ilipata banda lake la kwanza Venice, la wasanii Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na likatajwa kwa heshima maalumu na majaji. Nilikwenda. Nililala Mestre, ng'ambo, kwa sababu Venice kwenyewe bei haikamatiki, na kila asubuhi nilivuka daraja na umati wa wageni wa kutwa, nimebeba chupa ya maji na ramani. Nilikuwa mtalii kamili, nimekosa kaptula tu. Ndani ya banda nikakuta ukindu na nyuzi za migomba, vitu ambavyo nyumbani tunavipita nyuma ya National Theatre ya Kampala vikiuzwa kama zawadi ya haraka kabla ya uwanja wa ndege. Nilisimama pale nikiona aibu kidogo. Mkeka haukuwa umebadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyeniambia "ni bei rahisi, dada", na nikalazimika kuutazama.

Kuna njia nyingine, ya kuwapelekea kazi wenye mji. Tamasha la sanaa la KLA ART lilifanya hivyo Kampala: mwaka 2012 kwa makontena 12 yaliyowekwa sehemu mbalimbali za jiji, mwaka 2014 kwa boda boda zilizogeuzwa kazi za sanaa zikazunguka mitaani. Boda haisubiri mgeni anunue tiketi. Naipenda njia hii, ingawa mfadhili akisikia "jamii imeshirikishwa" hulala usingizi mzuri na haulizi tena jamii ilisema nini.

Je, sanaa imewahi kushusha kodi ya nyumba? Sijawahi kuona. Zile euro 5 za Venice zililetwa na halmashauri. Mara nyingi mambo huenda kinyume: jumba la makumbusho ya sanaa la Guggenheim lilifunguliwa Bilbao, Hispania, mwaka 1997, na tangu hapo kila meya duniani anataka jumba lake la kuvuta wageni. Wasanii tukiingia mtaa wa bei nafuu tukapaka kuta, miaka michache baadaye sisi ndio tunahama. Vitabu vya fani yangu vina maneno mazuri ya kulizunguka hili. Mimi sina.

Basi niwaambie nilichokifanya, mcheke. Nilitengeneza kadi za posta tatu. Ya kwanza ni picha ya maji. Ya pili, maji. Ya tatu, maji. Nyuma zimeandikwa: Maporomoko ya Ripon. Maporomoko ya Bujagali. Ya tatu ni kipande cha mto kilichofunikwa na Isimba. Nilipanga meza kando ya wauza vinyago, nikitarajia mnunuzi asimame, ageuze kadi, anyamaze.

Wengine walinyamaza kweli. Mzee mmoja Msoga, mwenyeji wa hapa, alishika ya Bujagali muda mrefu, akanieleza mahali mizimu ilipokuwa ikikaa, kisha akairudisha mezani bila kununua. Lakini wengi walicheka, wakasema ni wazo zuri, wakataka zote tatu kwa bei ya mbili. Ndani ya siku mbili nilikuwa nimeuza kuliko jirani yangu wa vinyago, naye hakufurahi.

Nahodha mmoja wa boti alikuwa amekaa karibu siku zote mbili akinitazama. Jioni ya pili alikuja akachukua kadi moja, akaigeuzageuza.

"Dada," akasema, "mimi nawapeleka wakaone maji nawaambia ni Ripon. Na wewe unawauzia maji unawaambia ni Ripon. Mimi naungua jua. Wewe je?"

Nikampa kadi bure. Ameibandika kwenye boti, karibu na bei.