Mgongo wa baba: kansa au TB?

Swali: Baba, fundi wa majahazi hapa Lamu, anaumwa na mgongo mwezi wa nne huu. Usiku halali, amekonda, suruali anaifunga kwa kamba. Tumemkanda, tumemuumika, wapi! Picha ya MRI imeonyesha pingili mbili zimelika, na jamaa washasema ni kansa. Sasa daktari anataka kumchoma sindano atoe kinyama. Cha nini tena?

Jibu: Pole, mwanangu. Jamaa wamekimbilia matanga mapema. Kukonda, jasho la usiku na maumivu yasiyotulia hata akilala huletwa na kansa, na TB ya mgongo pia. Kipimo cha damu cha ESR, kinachoonyesha kuwa mwili una uvimbe au maradhi, nacho hupanda kotekote.

Picha hutoa dokezo. Mwulize baba: kati ya ubao na ubao wa jahazi si mna kalafati, ile pamba ya kuziba mwanya? Kati ya pingili na pingili mna gegedu. Vimelea vya maradhi mara nyingi hula gegedu pamoja na pingili za pande zote mbili, na usaha huweza kuteremka hadi kinenani. Kansa, ambayo kwa kawaida hutoka kwingine, kama tezi dume au mapafu, hula ubao ikaiacha kalafati. Lakini kati ya vimelea, vya TB huchelewa kuligusa gegedu, ndiyo maana picha peke yake haitoshi. Kinyama ndicho kitakachosema.

Na kukanda acheni leo. Mfupa uliolika huvunjika.

Swali: Mbona hakohoi?

Jibu: Wengi wenye TB ya mgongo hawakohoi. Vimelea husafiri na damu.

Swali: Si apewe antibiotiki kwanza, tuone?

Jibu: Kama hali yake si ya dharura, ngojeni. Dawa ikitangulia, vimelea huenda visiote maabara. Ombeni kinyama kigawanywe: kipande kitazamwe seli, kingine kioteshwe na kipimwe kwa GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya TB. Kama baba hunywa maziwa mabichi ya mbuzi au ngamia, mwambieni daktari. Brusela, bakteria ipatikanayo katika maziwa hayo, nayo hukaa mgongoni. Ikiwa ni TB, dawa ni miezi 12, bure katika hospitali za serikali.

Swali: Lini tusingoje miadi?

Jibu: Miguu ikilegea, mkojo ukizuilika, au akipata ganzi pale anapokalia. Hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Abebwe amelala juu ya ubao ulionyooka, msimpandishe punda.