Hujaunganisha WiFi yoyote na bado laptop inaweza kushambuliwa

Ukikaa na laptop ya Linux pale stendi ya Nane Nane hapa Mbeya unasubiri basi, WiFi umeiwasha ila hujaunganisha kokote, kadi yako ya WiFi bado inasikiliza. Kila ruta iliyo karibu inajitangaza hewani kama mara 10 kwa sekunde, hayo matangazo tunayaita bikoni, na mashine yako inayasoma yote ndo maana unaona ile orodha ya mitandao. WPA2, ule ulinzi wa paswedi ya WiFi, hapo haikusaidii kitu maana kusoma bikoni kunatangulia mambo ya paswedi.

Sasa mwaka 2022 Sönke Huster wa chuo kikuu cha TU Darmstadt, Ujerumani, akakuta makosa ya memori kwenye keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha mashine nzima, kwenye ile sehemu yake inayosoma hizo bikoni. Yalikuwa kadhaa ila mimi nataka tuangalie moja tu, lililopewa namba ya usajili CVE-2022-41674.

Iko hivi, ruta moja inaweza kutangaza mitandao kadhaa ndani ya bikoni moja, na kile kipande cha bikoni kinachobeba hiyo habari kina baiti moja inayotaja urefu wake. Keneli inachukua ule urefu, inajumlisha 2, jibu inaliweka kwenye kigeu (nafasi ya kutunzia namba) cha baiti moja. Baiti moja mwisho wake ni 255. Kwahiyo mtu akijitengenezea bikoni yake akaandika urefu 254, ukijumlisha 2 unapata 256, haienei, inarudi 0 kama mita ya pikipiki iliyofika mwisho ikaanza upya. Keneli inaiamini hiyo 0, inakopi baiti 256 za ziada kwenye nafasi ambayo haikutengwa kwa ajili yake, zinamwagikia memori ya pembeni yenye vitu vingine kabisa. Na hii ni keneli jamani, sio programu ya kawaida ambayo ikiharibika unaifunga unafungua tena. Mashine inaweza kuganda, na mbaya zaidi mshambuliaji anaweza kupenyeza msimbo wake.

Ni kweli lazima awe karibu, ndani ya masafa ya WiFi. Lakini stendi, hosteli za wanachuo kule Iyunga, hapo kote watu wamebanana.

Kosa lilikuwepo tangu keneli 5.1 ya mwaka 2019, na Johannes Berg, mmoja wa watengenezaji wa keneli, alilirekebisha kwa kubadili aina ya kile kigeu kuwa size_t, aina inayobeba namba kubwa zaidi, basi.

Kinachoniuma ni mafundi wanaomwambia mteja azime apdeti ili bando lisiishe. Hapana aisee, apdeti za usalama zishushe hata usiku kwenye bando la bei rahisi. Ukimaliza washa mashine upya, maana bila hivyo keneli ya zamani ndo inaendelea kufanya kazi, halafu andika uname -r kwenye terminal uone keneli ipi inatumika. Ubuntu na matoleo mengine ya Linux wana namba zao na wanarudisha marekebisho kwenye keneli za nyuma, kwahiyo usishtuke ukiona namba inayoonekana ya zamani kama 5.15, angalia taarifa ya usalama ya toleo lako.