Sensa ya oksijeni hainusi petroli

Mwenye gari anafika na sensa mpya mkononi. Taa ya injini imewaka, gari linakula mafuta kuliko zamani, na mashine ya kupimia imesoma kodi ya hitilafu P0171. Kabla sijashika spana humwomba aiweke kando ile sensa. Kodi hiyo inasema kompyuta imeona mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Haijasema sensa imekufa, na mara nyingi ile iliyomo kwenye ekzosi ni nzima kabisa.

Watu wengi hudhani sensa hii inapima petroli. Haipimi. Inachojua ni oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Tangu Bosch walipoitengeneza na Volvo kuifunga kwenye magari yake mwaka 1976, kanuni ni ileile: ncha yake ina kauri ya zirkonia, upande mmoja unaguswa na moshi, upande wa pili unaguswa na hewa ya nje. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzaa umeme mdogo. Oksijeni ikizidi kwenye moshi unapata kama volti 0.1, ikikaribia kwisha unapata kama 0.9. Kompyuta huongeza na kupunguza petroli ili ibaki karibu na volti 0.45, yaani hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo 1.

Ukilishika hilo, utaelewa jambo linalowachanganya hata mafundi. Plagi moja ikishindwa kuwasha, petroli na hewa ya silinda ile hutoka bila kuungua. Wewe ukisimama nyuma ya gari unasikia harufu ya petroli mbichi. Sensa inakuta oksijeni tele na kuripoti kwamba petroli imepungua. Haijakosea, imesema ilichokiona. Kompyuta nayo inaongeza petroli, gari linazidi kula mafuta, na katalisti, yaani chombo cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, inaungua taratibu kwa petroli inayoishia humo.

Tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa huleta balaa hilohilo. Niliwahi kupokea gari la familia lililokuwa limebadilishiwa sensa mara mbili kwingine, na kodi ilikuwa ikirudi kila baada ya siku chache. Nikalilaza gereji, nikaliwasha asubuhi likiwa baridi. Likalia tik-tik-tik kwa dakika chache, kisha kimya. Manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele: chuma kikipata moto kinatanuka na ufa unabana, lakini haukuwa ukiziba wote. Kati ya msukumo mmoja wa moshi na mwingine, hewa ya nje ilikuwa inavutwa ndani. Sensa tatu, zote nzima. Nilisikitika kwa pesa ya yule mzee.

Sensa hufa kweli, sikatai. Kinachotangulia mara nyingi ni hita yake, kwa sababu kauri haifanyi kazi mpaka ifike kama nyuzi 300 za joto. Kodi P0135 inahusu hita ya sensa iliyo kabla ya katalisti. Hapo angalia fyuzi kwanza, kisha chomoa plagi ya waya na upime hita kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Ikiwa nzima utapata omu chache tu, ikiwa imekatika hupati kitu. Kauri yenyewe ikizeeka huwa nzito kujibu. Injini ikiwa ya moto, volti za sensa ya mbele zinapaswa kupanda na kushuka bila kutulia. Chomoa kidogo mpira mmoja wa vakyumu ili hewa ya ziada iingie kwenye injini: zikichelewa kushuka, sensa imechoka. (Magari mengi mapya yana sensa ya mbele ya aina nyingine, isiyosomeka kwa volti hizi, kwa hiyo soma kitabu cha gari kwanza. Na ile ya nyuma ya katalisti inatakiwa itulie. Ikichezacheza kama ya mbele, chunguza katalisti.)

Kuitunza hakuhitaji kuisafisha. Brashi ya waya na petroli huiharibu. Kinachoiua ni oili inayoungua, kulanti (maji ya kupoozea injini) inayovujia ndani ya silinda, na silikoni isiyofaa iliyopakwa kwenye gasketi. Ukiifungua ukakuta unga mweupe au mng'ao wa oili kwenye ncha, tibu chanzo kabla ya kufunga mpya.

Kuifungua, weka gari kwenye stendi, usitegemee jeki peke yake. Nyunyiza mafuta ya kulainisha kutu, subiri, kisha washa injini kidogo ekzosi ipate uvuguvugu, si moto wa kukuunguza. Tumia soketi ya milimita 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya. Ikigoma, kaza kidogo ndipo ulegeze. Ukilazimisha utaondoka na nyuzi za tundu, yaani zile skrubu inazoshika. Mpya ikidondoka sakafuni usiifunge, kauri hupasuka bila kuonyesha alama nje. Grisi ya nyuzi isiguse ncha, na nyingi huja zimeshapakwa. Plagi ya waya usiipake chochote, na waya usiuunge kwa risasi: sensa nyingi huvuta hewa yao ya nje kupitia humo humo kwenye waya, na risasi inaiziba njia hiyo. Hili nalikuta limekosewa karibu kila mara nikiona sensa iliyoungwa.

Futa kodi, endesha siku mbili tatu, kisha soma kwenye mashine asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza kwa muda mrefu. Ikiwa bado inaongeza zaidi ya 10, kagua mipira ya hewa na gasketi ya manifoldi, hewa inapita mahali ambapo haikupaswa kupita.