Radhi iliyopokelewa, haikukubaliwa: upatanisho kati ya kanisa na Wenyeji wa Kanada

Katika semina zetu za upatanisho kuna swali lisilokosekana: kanisa likishaomba radhi, waliokosewa wanataka nini tena? Huwa tunawarudisha watu Sudbury, Ontario, mwezi Agosti 1986.

Kanisa la United Church of Canada, la Kiprotestanti, lilikuwa kwenye Mkutano Mkuu. Wazo la kuomba radhi halikutoka kwa viongozi. Alberta Billy, mama wa We Wai Kai, mojawapo ya mataifa ya Wenyeji, yaani watu walioishi Kanada kabla ya Wazungu kufika, ndiye aliyekuwa amewaambia wenzake kanisani kuwa wanadaiwa hilo. Basi Moderata, yaani kiongozi mkuu wa kanisa hilo, Robert Smith, akawaendea wazee wa Wenyeji waliokuwa wakingoja hemani, akakiri kwamba kanisa lilifanya ustaarabu wa Kizungu kuwa sharti la kuipokea Injili. Wazee walifurahi, wakashukuru. Ila hawakutamka kwamba wamekubali. Mawe yakapangwa mahali pale yawe ukumbusho, na lundo likaachwa makusudi bila kumalizwa. Jibu rasmi lilikuja mwaka 1988, kwenye Mkutano Mkuu wa Victoria: radhi tumeisikia, tunaomba isiwe ya maneno matupu.

Sisi tuliolelewa na "nisamehe", "nimekusamehe, yaishe", jibu hilo linatukwaza. Mimi naliona ni la haki kabisa. Tazama radhi yenyewe: haikutaja shule za bweni hata mara moja. Na humo ndimo jeraha lilimokuwa. Zaidi ya watoto 150,000 wa Wenyeji walipitia shule hizo, zilizolipiwa na serikali na kwa sehemu kubwa kuendeshwa na makanisa: Katoliki, Anglikana, Presbiteri na United Church yenyewe. Walikatazwa lugha za mama zao, wengi walipigwa na kunajisiwa, na maelfu walifia humo. Kuanzia 1920 mzazi aliyekataa kumpeleka mwanawe aliweza kushtakiwa. United Church iliomba radhi kwa ajili ya shule hizo mwaka 1998, miaka 12 baada ya Sudbury. Wazee wangekuwa wamekubali kitu gani?

Hata fedha zina historia yake. Katika mapatano ya 2006 ya kuwafidia waliopitia shule hizo, taasisi za Kikatoliki ziliahidi kujitahidi kuchangisha dola za Kanada milioni 25; zilipata chini ya milioni 4. Maaskofu waliahidi upya milioni 30 mwaka 2021, na mwaka uliofuata Papa Fransisko akaenda Maskwacis, Alberta, kuomba radhi mwenyewe.

Huduma bega kwa bega na Wenyeji huanza pale wanapokuwa na madaraka, si viti vya wageni waalikwa. Mwaka 1988 sharika za Wenyeji katika United Church zilipata baraza lao, All Native Circle Conference. Waanglikana walimweka askofu wa kitaifa wa Wenyeji mwaka 2007.

Kazi nyingine haina shangwe, nayo ni ya makabrasha. Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Kanada, iliyochunguza shule hizo chini ya Murray Sinclair, ilimaliza kazi 2015 ikiwa na miito 94 ya kuchukua hatua, na kumbukumbu zake ziko Chuo Kikuu cha Manitoba, Winnipeg. Familia bado zinatafuta watoto ambao hawakurudi. Majina mengine yamo kwenye daftari za ubatizo na mazishi, na funguo za makabati hayo wanazo mapadre, watawa na makatibu wa dayosisi.